Mwongozo kamili wa kujiandaa na mbio zako za kwanza kwenye njia yenye jua, mvua, milima na matope

Unakuta mtu ameanza kukimbia, amejisajili mbio zake za kwanza, anafanya mazoezi vizuri tu miezi mitatu, ila kila siku njia ile ile, lami imenyooka, asubuhi kumepoa, afu siku yenyewe anakutana na kilima kirefu, kipande cha vumbi na changarawe, jua limeshawaka na baadae mvua inashuka, mwili unagoma na yeye anabaki anajiuliza mbona mazoezi nilifanya. Ulifanya ndio, ila ulijiandaa na mbio nyingine. Huu mwongozo ni wa mtu anayeanza kutoka sifuri au karibu na sifuri, anataka kumaliza kilometa 10 au nusu marathoni (kilometa 21.1) kwenye njia mchanganyiko na afike akiwa mzima.

Kabla hatujaanza hatua yenyewe shika hiki kitu kimoja maana kila kitu huko chini kinategemea hapa: endesha mazoezi yako kwa kupima nguvu unayotumia, sio spidi inayoonyeshwa na saa. Kilometa moja ya tambarare kukiwa kumepoa na kilometa moja ya kupanda mlima juani sio kitu kimoja, ila saa inaziandika sawa. Mfano mzuri ni Desiree Linden, mkimbiaji wa Marekani. Mwaka 2011 alikimbia Boston Marathon upepo ukiwa unawasukuma kwa nyuma, akatumia saa 2:22:38 akawa wa pili. Mwaka 2018 njia ile ile, ila siku hiyo ilikuwa mvua, baridi na upepo mkali wa usoni, akatumia saa 2:39:54. Yaani alichelewa dakika 17 nzima kuliko ile ya kwanza, na hiyo ya pili ndo aliyoshinda. Sasa kama bingwa wa Boston anakubali hali ya hewa imkate dakika 17, wewe unayeanza kwanini ulazimishe spidi ya jana kwenye matope ya leo?

Hatua ya 1: Isome njia kabla hujapanga zoezi lolote

Waandaaji wengi wanatoa ramani ya njia na mchoro unaoonyesha miinuko. Chukua karatasi uandike: jumla ya mita za kupanda ni ngapi, milima ipo kilometa ya ngapi (mlima wa kilometa ya 3 na mlima wa kilometa ya 18 ni vitu viwili tofauti kabisa), wapi ni lami, wapi vumbi, wapi nyasi, mbio zinaanza saa ngapi, vituo vya maji viko wapi na vinatoa nini, na muda wa mwisho wa kumaliza ni upi. Angalia pia mwezi huo hali ya hewa ya kule huwaje. Ukishamaliza angalia ile karatasi ulinganishe na sehemu unayofanyia mazoezi kila siku, vile vitu ambavyo huna kwenye njia yako ndo vya kuvitafuta. Kama kule kuna milima na kwenu ni tambarare, tafuta daraja, ngazi, tuta, hata mashine ya kukimbilia ambayo inainuka.

Na afya. Kama umewahi kuumwa kifua ukijitutumua, unapata kizunguzungu au unazimia, una presha, kisukari, tatizo la moyo, kuna dawa unatumia kila siku, au umekaa miaka mingi bila mazoezi yoyote na umri umesogea, muone daktari kwanza. Usiruke hii.

Hatua ya 2: Jenga msingi, wiki 6 za kwanza

Siku tatu kwa wiki zinatosha, usizifululize. Anza na kukimbia dakika 1 kutembea dakika 2, rudia mara 8 mpaka 10. Wiki inayofuata kimbia dakika 2 tembea 2, afu 3 kwa 1, unaenda hivyo mpaka ufike mahali unakimbia dakika 30 mfululizo bila kuhema vibaya. Ikikuchukua wiki 8 badala ya 6 hakuna shida yoyote.

Spidi ni ipi? Hii ndo sehemu wengi wanaumia. Jipimie kwa kuongea. Ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi uko kwenye nguvu ya 3 au 4 kati ya 10 (10 ni nguvu yako yote), hapo ndo mahali pa mazoezi yako mengi. Ukiweza maneno machache tu uko 5 au 6. Neno moja moja ni 7 au 8. Ukiwa huwezi kuongea kabisa, hapo sio pa mtu anayeanza. Wakimbiaji wakubwa wenyewe kilometa zao nyingi za wiki ni za polepole, kwa hiyo wewe usione aibu kukimbia mwendo ambao mtu anayetembea haraka anakufikia, ni kawaida kabisa kwa wiki za mwanzo.

Sababu ya kwenda polepole ni hii. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki chache tu unajiona una pumzi, ila mifupa na kano zinahitaji miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, mara nyingi mwezi wa pili wa mazoezi hivi, pumzi inakwambia twende wakati ugoko na kisigino havijawa tayari, na hapo ndo watu wanapata maumivu ya ugoko au kano ya kisigino inavimba. Ongeza kidogo kidogo. Watu wengi wanatumia asilimia 10 kwa wiki kama kipimo, sio sheria, ila inakuzuia usijirushe. Kila wiki ya nne punguza, rudi nyuma kama robo ya kilometa zako, mwili ujijenge.

Hatua ya 3: Raba, soksi na nguo

Raba iwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, maana mguu unavimba ukikimbia muda mrefu na ukishuka mlima unasogea mbele. Kajaribu jioni, mguu ukiwa umeshatanuka, na uvae soksi utakazokimbilia. Kama njia ni nusu lami nusu vumbi gumu, raba ya kawaida yenye soli iliyochongeka kidogo inatosha. Kama kuna matope mengi au mawe, tafuta raba za porini zenye meno marefu, ila jua kwamba meno yale kwenye lami yanaisha haraka na unahisi ugumu. Raba nyingi zinaenda kilometa 500 mpaka 800 kabla ya kuchoka. Ila pia usinunue mpya wiki ya mbio, ziwe na kilometa angalau 40 au 50 mguuni.

Sasa kuna jinsi ya kufunga kamba ambayo kwenye milima inasaidia sana na watu hawaijui. Angalia raba yako pale juu karibu na kifundo, nyingi zina tundu moja la ziada kila upande ambalo limekaa tu. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande ule ule ilipotokea, isivuke kwenda upande wa pili, na usiivute yote ili kibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo kulia na kushoto. Afu chukua ncha ya kulia uipitishe ndani ya kitanzi cha kushoto, ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia, vuta kuelekea chini mpaka ibane, kisha funga kawaida. Kisigino kinakamatwa vizuri, ukishuka mguu hauteremki mbele, na kucha zako haziwi nyeusi.

Soksi usivae za pamba tupu, zinashika maji na zikilowa ndo malengelenge yanaanza. Tafuta za kitambaa cha michezo kinachokauka haraka, vivyo hivyo fulana. Paka vaselini sehemu zinazosuguana: katikati ya mapaja, makwapani, chuchu, mkanda wa sidiria, na katikati ya vidole vya miguu. Siku ya mvua paka zaidi maana nguo iliyolowa inachubua mara mbili.

Hatua ya 4: Milima, kupanda na kushuka

Hapa nakaa kidogo maana mlima ndo unaomaliza watu, na cha ajabu wengi wanamalizwa na kushuka, sio kupanda.

Kupanda: fupisha hatua, ongeza idadi ya hatua, mwili uegemee mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo, sio kukunja kiuno maana ukikunja kiuno unabana mapafu. Macho mbele mita kadhaa, sio kileleni, sio kwenye vidole vya miguu. Mikono ipige kwa nguvu kidogo. Na nguvu yako ibaki ile ile ya tambarare, kama ulikuwa 5 kati ya 10 basi panda kwa 5 au 6, spidi ishuke inavyotaka. Mlima ukiwa mkali sana mpaka kukimbia kwako kunalingana na kutembea, tembea. Kwenye mbio za milimani hata wanaoshinda wanatembea vipande vikali. Tembea kwa hatua za nguvu, mikono juu ya mapaja kama inasaidia, ukifika juu usianze kukimbia pale pale, vuta pumzi kadhaa kwanza.

Kushuka: ukiteremka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki huku unanyooshwa, na kazi ya namna hiyo ndo inachana misuli kwa ndani zaidi kuliko kupanda. Ndo maana kesho yake na keshokutwa ngazi zinakuwa adhabu, maumivu yanafika kilele kati ya saa 24 na 72. Habari njema ni kwamba msuli ukishapitia hayo mara moja, ukirudia baada ya wiki moja au mbili unaumia kidogo sana, yaani unajifunza. Kwa hiyo mazoezi ya kushuka sio hiari, ni lazima uyafanye kabla, kidogo kidogo.

Mbinu ya kushuka iko hivi. Usirudi nyuma na mwili, watu wakiogopa wanalala nyuma na kutua na kisigino mguu umenyooka mbele, hapo goti linapokea kishindo chote. Badala yake mwili uende na mteremko, hatua fupi na za haraka, goti limekunjika kidogo, mguu utue karibu chini ya mwili wako. Mikono itanuke pembeni kidogo kwa ajili ya balansi. Macho mita 3 au 4 mbele, unachagua pa kukanyaga kabla hujafika. Utasikia miguu inatua kwa mlio mwepesi wa haraka haraka, ukisikia vishindo vizito jua unafunga breki, fupisha hatua zaidi.

Zoezi la milima anza nalo wiki ya 7, sio mapema zaidi ya hapo. Tafuta kilima cha sekunde 45 mpaka 60, panda kwa nguvu ya 6 au 7, shuka ukitembea, rudia hivyo mara 4. Wiki zinazofuata ongeza mpaka 6 au 8. Kuanzia wiki ya 9 ruhusu mara mbili au tatu za kushuka kwa kukimbia kwa mbinu hiyo hapo juu.

Hatua ya 5: Vumbi, changarawe, mchanga, matope

Sehemu isiyo lami inataka vifundo imara. Kila siku ukiwa unapiga mswaki simama kwa mguu mmoja sekunde 30, badilisha. Ikiwa rahisi fumba macho ila uwe karibu na ukuta. Ni kitu kidogo sana ila kinazuia kuteguka.

Changarawe: hatua fupi, inua miguu kidogo zaidi ya kawaida, usikate kona ghafla. Mchanga mlaini: kanyaga kwa wayo mzima, tafuta alama za waliopita maana pale pameshashindiliwa. Matope: punguza spidi kabla ya kuingia sio ukiwa ndani, hatua fupi, mguu utue chini ya mwili, na usipoteze nguvu kukwepa kila dimbwi kwa kuruka ruka pembeni, pembeni ndo kuna utelezi zaidi na ndo watu wanaanguka. Lowa tu, pita katikati kama unaona chini kugumu. Ila maji yanayokimbia au dimbwi usilojua kina chake zunguka. Lami iliyolowa ogopa mistari iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma na majani, vinateleza vibaya sana.

Hatua ya 6: Jua na joto

Joto nalichukulia kwa uzito kuliko kitu kingine chochote hapa, maana matope yatakuchafua na mlima utakuchosha ila joto linaua. Mwaka 2007 Chicago Marathon ilisimamishwa katikati kwa sababu ya joto, na pale kulikuwa na maelfu ya watu waliofanya mazoezi miezi mingi.

Kinachotokea ni kwamba damu inatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye misuli ifanye kazi na kwenye ngozi ipoze mwili. Moyo unapiga haraka zaidi kwa spidi ile ile. Kukiwa na unyevu mwingi hewani ni mbaya zaidi kwa sababu jasho linadondoka tu bila kukauka, na kinachopoza mwili ni jasho kukauka, sio kutoka.

Mwili unazoea, na unazoea haraka: siku 7 mpaka 14 za kujiweka juani kidogo kidogo, maji ya damu yanaongezeka, unaanza kutoa jasho mapema na jasho lenyewe linapungua chumvi. Kwa hiyo kama mbio zako zitakimbiwa jua likiwa kali na wewe huwa unakimbia alfajiri, wiki 3 kabla hamishia mazoezi mawili ya polepole kwa wiki muda wa jua. Anza dakika 20, ongeza mpaka 45 au 60, nguvu ya 3 au 4 tu. Mazoezi magumu yaache muda wa ubaridi. Usifanye peke yako zile za mwanzo na usifanye ukiwa unaumwa au una homa.

Maji: kunywa ukisikia kiu. Watu wanaambiwa kunywa sana kunywa sana, sasa kunywa kupita kiasi kuna hatari yake, chumvi ya damu inashuka, unavimba vidole, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na watu wamekufa kwa hilo kwenye marathoni. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja. Kama umepungua kilo 1 na hukunywa kitu basi umepoteza kama lita 1 ya jasho, hapo unapata picha ya mwili wako. Ukirudi umeongezeka uzito, ulikunywa kupita. Kwenye mbio za zaidi ya saa moja na nusu kinywaji chenye chumvi na sukari kidogo kinasaidia kuliko maji matupu.

Kofia nyepesi, nguo za rangi ya kung'aa, mafuta ya kuzuia jua, na kila kituo mwaga maji kichwani na shingoni.

Dalili za kusimama hapo hapo: kizunguzungu, kusisimka kwa baridi wakati kuna joto, kichefuchefu, kuyumba. Mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kuchanganyikiwa au kuanguka, hicho ni kiharusi cha joto, joto la ndani limepita nyuzi 40, na anaweza bado kuwa anatoa jasho kwa hiyo usidanganyike. Ita msaada wa dharura na muanze kumpoza papo hapo, mzamisheni kwenye maji ya baridi mwili mzima isipokuwa kichwa, mmoja akimshikilia muda wote. Hakuna pipa wala beseni kubwa? Mwagieni maji mengi mfululizo, barafu kwapani, shingoni na kwenye kinena, mpepeeni. Msisubiri gari ndo muanze.

Hatua ya 7: Mvua, upepo na baridi

Mvua ya kawaida sio sababu ya kukaa ndani, ni nafasi ya kujua fulana ipi inachubua na raba ipi inateleza. Vaa kofia yenye ukingo mbele maji yasiingie machoni, koti jepesi kama kuna baridi, simu kwenye mfuko wa plastiki. Ukirudi toa soli ya ndani, jaza magazeti kwenye raba, badilisha yakilowa, anika kivulini, usiweke kwenye moto maana gundi inaachia.

Radi ni habari nyingine. Ukiona mwanga ukahesabu chini ya sekunde 30 kabla ya ngurumo, ingia ndani ya jengo au gari, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti sio mahali pa kujikinga.

Upepo wa mbele, usipambane nao. Jifiche nyuma ya kundi, hatua moja au mbili nyuma ya mtu, mkipokezana kama mnajuana. Eliud Kipchoge alipokimbia kilometa 42.195 kwa saa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019 alikuwa amezungukwa na wakimbiaji waliopangwa kwa umbo maalumu kumkata upepo, kwa hiyo hata yeye hakudharau hewa. Kama unafanya mazoezi ya kwenda na kurudi, anza kwa kuukabili upepo afu urudi ukikusukuma, ukifanya kinyume unarudi umelowa jasho na upepo unakupiga usoni, unapata baridi.

Baridi: vaa ili dakika 10 za mwanzo usikie kibaridi kidogo. Ukitoka nyumbani umejisikia vizuri kabisa, baadae utaungua. Glavu na kitu cha kufunika masikio vinasaidia zaidi ya koti zito. Ukiwa umelowa na unatetemeka bila kuacha, simama utafute nguo kavu.

Hatua ya 8: Kula, kulala, nguvu ya misuli

Kwenye mazoezi ya chini ya saa moja huhitaji kula njiani. Ukizidi dakika 75 hadi 90, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, iwe jeli (uji mzito wa sukari wa pakiti kwa ajili ya wakimbiaji), ndizi, tende au kinywaji cha michezo. Fanyia mazoezi tumbo lako pia, jeli usiyoizoea siku ya mbio inakupeleka chooni. Kula mlo mwepesi wa wanga saa 2 au 3 kabla ya kukimbia.

Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, dakika 20: kuchuchumaa na kuinuka, kupiga hatua ndefu mbele na kurudi, kuinuka kwa vidole ukiwa ukingoni mwa ngazi (shusha kisigino polepole, hii ndo kinga ya vigimbi na kano ya kisigino), na kujishikilia kwa viwiko tumbo limekaza. Usingizi uwe wa urefu wa saa 7 mpaka 9 kila usiku. Hakuna kidonge kinachoshinda hapo.

Maumivu: uchovu wa misuli miguu yote miwili sawa sawa ni wa kawaida. Maumivu ya upande mmoja, sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole kimoja kwenye mfupa, yanayoongezeka ukiendelea kukimbia au yanayokuamsha usiku, acha kukimbia ukapimwe, inaweza kuwa mpasuko wa mfupa. Ibuprofeni (dawa ya kutuliza maumivu) usimeze ili uweze kukimbia, inabebesha figo mzigo wakati tayari zina kazi.

Hatua ya 9: Ratiba, wiki 16

Wiki 1 mpaka 6 ni msingi. Wiki 7 mpaka 13 wiki yako inakaa hivi: Jumanne milima au njia mbovu, Alhamisi dakika 30 mpaka 45 polepole, wikendi mbio ndefu polepole. Mbio ndefu ya wikendi ianze kilometa 6 au 7, iongezeke kilometa 1 au 2, kwa nusu marathoni ifike 16 mpaka 18, kwa kilometa 10 ikifika 9 au 10 inatosha sana. Mara mbili au tatu kati ya hizo ndefu zifanyie kwenye njia inayofanana na ya mbio, muda ule ule wa kuanza, nguo zile zile, kinywaji kile kile. Ukiamka ukakuta mvua siku ya mbio ndefu, nenda (kasoro radi). Ukikosa siku moja usiilipizie, endelea na inayofuata.

Wiki ya 14 bado ni ya kazi ila usiongeze kitu. Wiki 15 na 16 punguza kilometa mpaka karibu nusu, ila usiache kabisa, weka vipande vifupi vya kuchangamsha miguu. Utajisikia mzito na utapata maumivu ya ajabu ajabu yasiyo na maana, wengi yanawapata.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Angalia utabiri wa hali ya hewa siku 2 kabla, jiwekee malengo matatu: hali ikiwa nzuri, ikiwa ya wastani, na ikiwa mbaya lengo ni kumaliza salama tu. Bandika namba kifuani usiku, vaselini, kamba zifungwe vile nilivyoeleza.

Simama nyuma kwenye mstari. Robo ya kwanza ya njia kimbia kwa nguvu ya 4, utaona watu wanakupita wengi, waache. Katikati ongeza iwe 5. Mlimani angalia pumzi sio saa. Robo ya mwisho kama bado una kitu toa 7 na kuendelea. Kichomi kikikushika ubavuni punguza mwendo, bonyeza pale panapouma, toa pumzi ndefu kwa mdomo. Kituo cha maji chukua kikombe cha meza za mwisho ambapo hakuna msongamano, bana ukingo wake ubaki upenyo mdogo, kunywa kidogo kidogo ukitembea hatua kumi, maji yasikuingie puani.

Ukivuka mstari usikae chini ghafla, tembea dakika 10 damu isituame miguuni ukazimia. Vua nguo zilizolowa mapema hata kama unajiona una joto. Kula ndani ya saa moja au mbili, wanga na protini, kunywa kulingana na kiu. Siku mbili tatu kushuka ngazi kutauma, shuka kwa upande au kinyumenyume umeshika reli. Wiki hiyo tembea tu, na ukirudi kukimbia anza na dakika 20 kwa nguvu ya 3, tambarare.